Bakshishi za harusi: nani umpe, umpe kiasi gani na nani azigawe

Watu wanapanga harusi miezi na miezi, kila kitu kina mstari wake kwenye bajeti, ukumbi, chakula, mapambo, picha, muziki, magari, alafu siku yenyewe shughuli inakaribia kuisha ndo mtu anakumbuka kuna watu wamesimama toka asubuhi na hakuna aliyewafikiria. Hapo inaanza ile ya kuchangishana mezani, shangazi anatoa noti moja, mpambe anatoa nyingine, anapewa aliyesimama karibu, na yule aliyefanya kazi ngumu kuliko wote yuko huko nyuma anaosha masufuria na wala hajui kama kuna hela imetoka. Naandika hii ili hayo yasikukute. Bakshishi ikipangwa mapema haimsumbui mtu na inamfika anayeistahili.

Kwanza tuwekane sawa kwenye jambo moja. Bakshishi sio deni. Ukishalipa kilichoandikwa kwenye mkataba umeshatimiza wajibu wako na hakuna mwenye haki ya kukununia. Lakini pia bakshishi sio sadaka, humpi mtu kwa kumwonea huruma, unampa kwa sababu umeona kazi yake. Ukilishika hili mengine yote yanakuwa rahisi, hata namna ya kumkabidhi mtu bahasha inabadilika.

Hatua ya 1: toa mikataba yote uisome tena

Fanya hivi kama mwezi mmoja kabla, usingoje wiki ya mwisho maana wiki ya mwisho hutakuwa na akili ya kusoma chochote. Unatafuta mambo mawili tu. La kwanza, je bakshishi imeshawekwa ndani ya bei? Kumbi nyingi na watu wa chakula huwa wanaiweka, mara nyingi chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, na usipoiona utalipa mara mbili. La pili, kama kuna kitu kinaitwa sevisi chaji, hiyo hela inaenda kwa nani?

Hapa naomba ukae kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapoumia. Sevisi chaji na bakshishi sio kitu kimoja. Sevisi chaji ni ada ambayo mwenye biashara ameiweka mwenyewe, ni lazima uilipe, na sehemu nyingi ni mapato ya biashara, anaweza kuitumia kulipa umeme, usafi, mishahara, au akaiweka mfukoni. Mhudumu aliyebeba sinia usiku kucha anaweza asipate hata senti. Marekani mambo haya wanayatenganisha mpaka kwenye kodi, hela ambayo mteja amelazimishwa kulipa haihesabiwi kama tipu, yaani bakshishi. Na kwa tipu yenyewe, toka 2018 sheria yao imekataza waajiri na mameneja kujichukulia tipu za wafanyakazi. Uingereza wao wamekwenda mbali zaidi, kuanzia Oktoba 2024 mwajiri lazima awape wafanyakazi tipu zote bila kukata kitu isipokuwa kodi ya serikali, na hata sevisi chaji imo humo. Kwa hiyo inategemea uko wapi, na njia pekee ya kujua ni kuuliza.

Uliza hivi, kwa upole kabisa na kwa maandishi: "Habari bosi, naona kwenye invoisi kuna sevisi chaji, naomba kujua kama inagawiwa kwa wahudumu watakaokuwepo siku ile au ni ya ofisi, nataka nijipange." Hilo ni swali la kawaida na mfanyabiashara mnyoofu atakujibu bila shida. Akizungukazunguka, chukulia haiwafikii, na wewe panga ya kwako pembeni.

Hatua ya 2: andika majina ya watu, usiandike majina ya kampuni

Chukua karatasi uandike kila mtu atakayegusa harusi yako kwa mikono yake. Ukiandika "mapambo" utampa bahasha mwenye kampuni. Ukiandika "vijana wanne watakaopanda ngazi kufunga vitambaa" umewaona watu. Piga simu kwa kila mtoa huduma umuulize siku hiyo anakuja na watu wangapi, nani kiongozi wao, wanafika saa ngapi na wanaondoka saa ngapi. Hizo saa utazihitaji baadaye.

Kuna ambao karibu kila mtu anawasahau. Wanaoleta keki, maua, viti na mahema asubuhi, wakati huo wewe uko kwenye kioo unavalishwa. Waosha vyombo. Anayesafisha vyoo, na naomba huyu umpe nafasi ya juu kabisa kwenye orodha yako, maana choo kikiwa kichafu saa tatu usiku wageni wote watakikumbuka, kikiwa kisafi hakuna atakayejua kuna mtu alikuwa anakipitia kila baada ya dakika chache. Masekyuriti na wanaopanga magari. Fundi wa taa na sauti. Na wale wanaokuja usiku wa manane mkishaondoka wote, wanabomoa jukwaa na kupakia viti kwenye lori, hao bahasha yao lazima iachwe kwa mtu atakayebaki mpaka mwisho.

Hatua ya 3: amua kiasi

Hakuna kiwango kimoja cha dunia nzima, nikikupa nitakuwa nakudanganya. Ila kuna namna ya kufikiri.

Kwa wanaolipwa na mtu mwingine, yaani waajiriwa na vibarua, hawa ndo wa kwanza. Wahudumu wa chakula, wa baa, madereva, wapakiaji, wasaidizi wa mpiga picha, wasusi walioajiriwa saluni. Bei uliyolipa haikupangwa na wao na wanachopata ndani yake ni kidogo. Kwa wamiliki, yaani mpiga picha anayejitegemea, mwenye kampuni ya mapambo, mwoka keki wa nyumbani, kanuni ya zamani inasema hawapewi kwa sababu bei wamejipangia wenyewe. Siku hizi wengi wanawapa pia, na mimi naona ni sawa kama mtu amefanya zaidi ya mlichokubaliana, lakini usimnyime muosha vyombo ili umpe bosi. Hela ikiwa ndogo anza chini upande juu.

Sehemu ambazo watu wamezoea kutoa kwa asilimia, kama Marekani, kawaida ni kati ya 15 na 20 kwa chakula, mekapu, nywele na madereva, ila kama mkataba umeshaiweka basi hutoi tena. Na hapo kuna kosa la hesabu linaloliza wengi, asilimia hiyo ni ya nini? Sio ya bili nzima. Tuseme bili yote ni 100, ndani yake chakula ni 60, vinywaji 15, kukodi viti na vyombo 15, kodi ya serikali 10. Huduma unayoishukuru ni ya chakula na vinywaji, hiyo ni 75. Asilimia 15 ya 75 ni 11.25. Ukichukua asilimia 15 ya bili nzima unatoa 15, yaani umetoa 3.75 zaidi kwa ajili ya viti na kodi, na kwenye bili ya harusi hiyo tofauti inaweza kutosha bahasha za timu nzima ya usafi.

Kama unapoishi hawatumii asilimia, tumia saa. Jiulize mtu huyu kwa kazi ya namna hii analipwa kiasi gani kwa saa, alafu mpe kitu kinacholingana na saa moja au mbili za kazi yake, zaidi kama alibeba mzigo mkubwa. Mimi napenda kipimo hiki kwa sababu hakikupi aibu ya kutoa kidogo sana wala hakikufilisi, na kinawafanya wa daraja moja wapate sawa. Hilo la usawa ulizingatie sana, wahudumu wanaongea, mmoja akipata mara tatu ya mwenzake kwa kazi ileile umeacha ugomvi nyuma yako.

Ukishajumlisha yote, iweke kwenye bajeti kama mstari wake, na iwe hela iliyotengwa kweli, isiwe "tutaona siku ile." Siku ile haijawahi kubakiza hela.

Kuna watu usiwape. Ofisa wa serikali anayefungisha ndoa, au mtumishi yeyote wa umma aliyekuja kwa kazi yake, nchi nyingi haruhusiwi kupokea chochote juu ya ada rasmi, ukimpa unaweza kumponza yeye na ukajiponza mwenyewe. Lipa ada upewe risiti, mshukuru kwa mdomo, inatosha. Kiongozi wa dini utaratibu wake ni tofauti, mara nyingi kinachotolewa kinaenda kwa nyumba ya ibada, uliza ofisini kwao wanapenda iweje, na kama alisafiri umbali mrefu basi gharama za safari ni juu yako, hiyo hata usiiite bakshishi.

Na ndugu au rafiki aliyejitolea kupiga picha au kupika? Wengine ukiwapa hela wanajisikia vibaya kabisa, kama umewageuza vibarua. Mrudishie alichotumia, mafuta ya gari, vifaa, usimwachie hasara, alafu tafuta zawadi inayoonyesha umemfikiria yeye.

Hatua ya 4: bahasha

Hii ni kazi ya jioni moja, ifanye siku tatu nne kabla. Nenda kachukue noti ndogondogo mapema, maana usiku wa harusi hakuna wa kukuchenjia. Kila mtu bahasha yake. Juu andika jina kama unalijua, kama hulijui andika kazi, "dada wa mekapu", "dereva gari la maharusi", "timu ya usafi usiku". Kiasi usiandike nje. Ndani tia kikaratasi cha mistari miwili umeandika kwa mkono. Funga kwa gundi.

Alafu tengeneza orodha ya bahasha zote, nakala mbili, yenye kiasi, nani anapewa, saa ngapi, na nafasi ya kuweka tiki. Moja anakaa nayo mgawaji, nyingine ibaki nyumbani.

Kwa timu kubwa kuna swali, utoe bahasha moja kwa kiongozi au moja kwa kila mtu? Ukiweza, moja kwa kila mtu, hata kama ni kazi. Nimeona kiongozi wa wahudumu akipokea bahasha nene karibu na mlango wa jikoni, akaikunja akaitia mfuko wa nyuma akasema "asante, nitawapa vijana", na vijana walewale nusu saa baadaye wanabeba kreti kwenda kwenye gari wakaulizwa na mgeni kama wamepata chochote, wakatazamana tu. Sisemi viongozi wote wako hivyo, wengi ni waaminifu, ila usimwekee mtu mtego. Ikibidi iwe moja, mgawaji aitoe mbele ya timu nzima na aseme kwa sauti, "jamani hii ni ya watu tisa, kila mmoja ana fungu lake sawa, asanteni sana." Sentensi hiyo moja inamaliza kila kitu.

Hela ya simu nayo inafaa, tena kwa wanaotawanyika mapema inafaa zaidi. Ila namba uchukue kwa mhusika mwenyewe sio kwa bosi wake, soma jina linalotokea kabla hujatuma, na ongeza gharama ya kutolea, ukimtumia mtu kiasi alafu nusu iishie kwenye makato haikuwa asante nzuri.

Hatua ya 5: mgawaji

Sio wewe. Tafadhali, sio bibi harusi wala bwana harusi, na wala sio mama yenu maana siku hiyo hatulii dakika mbili. Tafuta mtu mmoja mtulivu, asiyekunywa siku hiyo, asiye na jukumu jingine kubwa, anayeweza kumwambia mgeni "samahani nakuja" akaondoka. Binamu, rafiki wa kazini, jirani. Kama una mratibu wa harusi naye anafanya hii kazi vizuri kwa sababu anawajua wote kwa sura, ila yeye bahasha yake apewe na mtu mwingine.

Mpe pochi ya kuvaa mwilini. Bahasha zisiachwe chumba cha kuvalia, zisikae kwenye droo ya gari, zisichanganywe na bahasha za zawadi za wageni, hii ya mwisho hasa, zikishachanganyika hamtazitenganisha usiku huo.

Na saa zenyewe ni hivi. Mekapu na nywele wakimaliza tu, kabla hawajafunga masanduku. Wanaoleta vitu asubuhi, palepale wakishusha mzigo, kwa hiyo mgawaji awepo ukumbini mapema au amwachie mtu wa kupokea. Dereva safari ya mwisho ikiisha, ila kama madereva wanabadilishana zamu, kila mmoja mwisho wa zamu yake. Wapiga picha na video wakiaga. Emsii, dijei na bendi kabla hawajaanza kukunja nyaya, wakishaanza kupakia kila mtu anakimbilia gari. Wahudumu chakula kikishatolewa na meza kusafishwa, jikoni hivohivo. Walinzi na usafi mwisho kabisa.

Wa baa na wanaopanga magari ongea nao kabla wageni hawajafika. Kama wewe umeshawaandalia chao, waombe wasiweke kopo la tipu kaunta na wasisimame kwenye dirisha la gari wakingoja kitu. Mgeni amekuja kukusherehekea, asijisikie analipishwa mlangoni. Mgeni akitoa kwa hiari yake mwenyewe, ni sawa, apokee.

Wakati wa kukabidhi, mkono kwa mkono, uso kwa uso, na useme kitu kimoja cha kweli ulichokiona. "Dada, maharusi wamesema nikushukuru, ulivyomtuliza bibi harusi asubuhi alipoanza kulia tumeona wote." "Kaka, yule mzee ulimpeleka mpaka kwenye kiti chake ukarudi na maji, asante sana." "Mzee wangu, asante, geti leo limetulia." Mtu mzima mpe heshima ya utu uzima hata kama anafagia. Na fanya pembeni, usiite mpiga picha, usitangaze kwenye maiki.

Chakula na ovataimu

Nayaweka pamoja kwa sababu yote mawili watu wanadhani ni bakshishi na sio. Mtu aliyekaa na wewe zaidi ya saa tano sita lazima ale, wapiga picha na video, wasaidizi wao, dijei, bendi, emsii, dereva, mratibu. Wahesabu kwenye sahani toka mwanzo, wengi hata mkataba wao unasema. Wale chakula cha moto, wakae kwenye kiti, na wale wakati wageni wanakula, maana hakuna anayetaka kupigwa picha anatafuna na muda huo ndo kazi imetulia. Kuwangojeshea masalia baada ya wageni kumaliza ni kuwavunjia heshima, na bahasha hata iwe nene haifuti hilo.

Ovataimu vilevile. Sherehe ikivuka muda mliokubaliana, lipa masaa ya ziada kwa bei iliyoko kwenye mkataba, alafu bakshishi ibaki bakshishi. Usimwambie mtu "nimekutilia kitu kwenye bahasha" ukimaanisha masaa mawili aliyokudai.

Huduma ikiwa mbovu

Usitoe, na usijilazimishe. Mpiga picha amechelewa saa nzima, hapokei simu, kafika ananuna, bahasha yake irudi nyumbani. Ila tenganisha kosa la ofisi na jasho la kibarua. Chakula kilichelewa kwa sababu bosi alileta wahudumu watano badala ya kumi, hao watano walikimbia kazi ya watu kumi, wao ndo wapewe hata zaidi, bosi mtaonana naye kesho na mkataba mkononi. Usigombane usiku ule, na usipeleke vijisenti viwili kama kumsuta mtu, bora usitoe kabisa kuliko kumdhalilisha.

Pia usitoe yote mwanzo ukidhani ndo utahudumiwa vizuri. Ukimwahidi mtu hela ili afanye kazi aliyokwisha kulipwa umebadilisha maana ya kitu chenyewe.

Kama hela haipo

Harusi imekula kila kitu, inatokea, na usikope ili utoe bakshishi. Kuna kitu watoa huduma wengi wanakithamini pengine kuliko noti, nacho ni maneno yako mbele ya wateja wengine. Andika rivyuu ndani ya wiki mbili tatu kabla hujasahau, na iwe na nyama. "Wako vizuri, nawapendekeza" haimsaidii mtu. Andika kwamba mvua ilianza dakika kumi kabla ya ibada na vijana wa mapambo walihamisha viti vyote ndani bila kuambiwa, hapo anayetafuta mpambaji amejua kitu. Kwa mwajiriwa, mwandikie bosi wake umtaje kwa jina na alichofanya, barua kama hiyo inaweza kumpa zamu zaidi. Mpe mpambaji na mwoka keki ruhusa ya kutumia picha za kazi zao. Na ukiulizwa na rafiki anayepanga harusi, mpe namba siku hiyohiyo.

Asubuhi ya pili au ya tatu, mkishapumzika, kaa na mgawaji mpitie orodha. Bila shaka kutakuwa na bahasha moja mbili zimerudi, dereva aliondoka mapema, fundi wa taa hakuonekana. Wapigie simu, waombe namba, watumie siku hiyo, alafu weka tiki.